Jumba la Delamere lililobaki Cheshire

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mzaliwa wa Naivasha na maziwa ya Delamere nimeyanywa tangu utotoni. Marehemu babu yangu alichunga ng'ombe Soysambu miaka mingi, na alikuwa akituambia kwamba Delamere wa kwanza aliuza jumba la baba zake huko Uingereza ndipo akanunua ardhi ya Bonde la Ufa. Mjomba wangu hubisha kila tukikaa. Yeye anasema mzungu yule alikuja mikono mitupu, akapewa ardhi bure, na jumba ni hadithi tu. Je, lilikuwepo? Liko wapi, lilikuwa la nani kabla yao, na sasa anakaa nani? Dada yangu ni muuguzi Manchester, anaweza kwenda kulitazama?

Jibu: Jumba lipo. Linaitwa Vale Royal, liko kaunti ya Cheshire kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kati ya miji midogo ya Winsford na Northwich. Dada yako anaweza kutoka Manchester asubuhi na akarudi kabla ya zamu ya usiku. Kuhusu ubishi wenu, babu na mjomba kila mmoja ameshika nusu. Delamere hakuliuza. Aliliweka rehani pamoja na mashamba yake, akampangishia tajiri mwingine, na pesa akaenda kuzimwaga Njoro. Aliyeuza ni mwanawe, mwaka 1947, mzee akiwa ameshafariki miaka 16. Wala ardhi ile ya kwanza hakuinunua. Serikali ya kikoloni ilimkodishia kwa miaka 99. Hiyo "bure" ya mjomba si bure kamili, lakini ukiiona bei utamwelewa.

Ningeweza kuishia hapo. Ila umeuliza lilikuwa la nani kabla yao, na utamu wote uko hapo, maana habari ya Vale Royal ni habari ya hati. Mara mbili katika maisha yake jumba hili lilipata mwenyewe mpya kwa sababu mfalme alitia muhuri, na mara ya kwanza ardhi ilikuwa na watu tayari, wanalima, na hakuna aliyewauliza. Mkenya akiisoma habari hii ataona kama anaijua.

Kwanza nikuondolee mkanganyiko wa majina. Ukoo unaitwa Cholmondeley. Usihangaike kulisoma silabi kwa silabi kama tunavyosoma sisi. Wenyewe hutamka "Chamli", herufi nyingine zimekaa pale kama mapambo. Delamere ni cheo, si jina la ukoo, na kimetokana na msitu wa Delamere ulio jirani na jumba. Walikipata mwaka 1821. Kwa hiyo yule tunayemwita Delamere wa kwanza kwa hesabu ya kwetu, Hugh Cholmondeley aliyezaliwa 1870, kwa hesabu ya kwao ni wa tatu.

Turudi nyuma miaka 600 kabla yake. Watawa wa Vale Royal waliandika katika kumbukumbu zao kwamba Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alikumbwa na dhoruba baharini, akamwekea Bikira Maria nadhiri kwamba akifika nchi kavu salama atamjengea monasteri. Bahari ikatulia. Hadithi hiyo imesimuliwa na waliofaidika nayo, hivyo ipokee kwa kijiko kidogo. Kilichofuata kina tarehe. Mwaka 1270 Edward alitoa hati ya kuwapa watawa wa shirika la Sistersiani ardhi ya Darnhall. (Wazee wa Kipkelion wanawakumbuka Watrapisti waliokaa kwao hadi vurugu za baada ya uchaguzi. Hao ni tawi la shirika hilohilo.) Darnhall haikuwafaa, wakahamishiwa kilomita chache kutoka pale, karibu na mto Weaver, na tarehe 13 Agosti 1277 Edward, sasa ni mfalme, akaja na malkia wake Eleanor kuweka jiwe la msingi pale ambapo altare kuu ingesimama.

Alitaka kanisa la Kisistersiani kubwa kuliko mengine yote Uingereza, lenye urefu wa zaidi ya mita 110, na watawa 100 ndani yake. Mawe yalichimbwa Eddisbury, mwendo wa kilomita 8 hivi, na daftari za miaka mitatu ya mwanzo zinahesabu zaidi ya mikokoteni 30,000 ya mawe. Pitisha idadi hiyo kwenye barabara ya udongo, masika na kiangazi, halafu uone kama barabara inabaki.

Mwaka 1290 mfalme akaacha. Alitangaza tu kwamba hahusiki tena na kazi za kanisa lile, na sababu hakuitoa. Siku hizo pesa na mafundi walikuwa wakivutwa Wales, alikokuwa akijenga ngome baada ya ngome. Fundi mkuu wa Vale Royal, Walter of Hereford, baadaye tunamkuta kwenye ngome ya Caernarfon. Watawa walibaki na gofu la kutisha. Kitukuu cha Edward, yule aliyeitwa Mwanamfalme Mweusi, alijaribu kumalizia kazi, lakini karibu na mwaka 1360 upepo mkali uliangusha sehemu kubwa ya kanisa, na ukubwa uliokusudiwa haukufikiwa tena.

Sasa wale waliokuwa wakilima. Hati ya Edward haikutoa udongo peke yake, ilitoa udongo pamoja na watu wake. Wanakijiji wa Darnhall na Over walishikilia kwamba wao ni watu huru. Watawa wakasema la, ninyi ni watwana wa monasteri: mtasaga nafaka kwenye kinu chetu na kutuachia fungu, mkioza binti mtatulipa ada, na mali yenu yote kisheria ni yetu. Ugomvi huo ulirithishwa kutoka baba hadi mwana kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1336 ulichemka. Wanakijiji walipeleka malalamiko kwa jaji wa Chester, hawakupata kitu. Baadhi yao wakajifanya wanakwenda hija kwenye kaburi la mtakatifu huko Hereford, kumbe wanamtafuta mfalme mwenyewe, Edward wa Tatu. Njiani walikamatwa, wakatiwa gerezani Nottingham kama wezi. Wakatoka, wakaendelea. Walifika hadi Windsor, na kwa muda mfupi ilionekana wamesikilizwa. Abati, yaani mkuu wa monasteri, jina lake Peter, akapanda farasi kwenda kuwawahi kwa mfalme na malkia na kujitetea. Akiwa njiani kurudi, katika kijiji cha Exton, mbali sana na kwao, kundi la watu wa Darnhall likamzuia barabarani. Mtumishi wake mmoja akauawa pale pale. Abati akashikwa mateka na kupelekwa kwa mfalme, aliyekuwa karibu, ili shauri liamuliwe. Liliamuliwa: abati akaachiwa, wanakijiji wakafungwa minyororo. Waliporudishwa kwao waliapishwa kwa Injili kwamba ni watwana, wao na vizazi vyao.

Miaka mitatu baadaye Abati Peter naye aliuawa. Zipo hadithi za mtawa wa kike aitwaye Ida aliyemuuguza akifa, na kwenye nyasi za Vale Royal kuna mnara mdogo wa jiwe unaoitwa Kaburi la Mtawa. Usimwambie dada yako kwamba kuna mtu amezikwa chini yake. Ni vipande vya mawe ya zamani vilivyounganishwa na akina Cholmondeley karne nyingi baadaye. Thamani yake ni nyingine: umesimama pale ilipokuwa altare kuu, kwenye jiwe la msingi la mfalme. Kanisa lote la mita mia na ushee sasa ni nyasi zilizokatwa vizuri.

Lilikwendaje? Mfalme alitoa, mfalme akachukua. Henry wa Nane alipovunja monasteri zote za Uingereza alimtuma Cheshire mtu wake, Thomas Holcroft, na mwezi Septemba 1538 Holcroft akadai kwamba Vale Royal imejisalimisha kwa hiari. Abati wa mwisho, John Harwood, alikana kwamba aliwahi kukubali. Aliishia mbele ya mahakama iliyoketi ndani ya monasteri yake mwenyewe, chini ya Thomas Cromwell, waziri mkuu wa shughuli zote hizo, kisha akanyamazishwa kwa pensheni nono. Holcroft akaangusha kanisa. Majengo ya kukaa, yaliyozunguka ua wa ndani, akayaacha, maana yalikuwa na kuta nzuri na paa zima, akayageuza kuwa makao ya familia na ukumbi mkubwa juu ghorofani. Huo ndio mwanzo wa jumba unaloliulizia. Ukiangalia mpango wake leo, na viongezo vyote vya baadaye, bado ndani yake unasoma vyumba vya watawa.

Majumba mengi ya mashambani ya Uingereza yamezaliwa hivyo, na yale yenye neno "Abbey" mwishoni yanakiri yenyewe. Wenye nayo hawakupenda kuizungumzia sana.

Akina Cholmondeley wenyewe waliingia kwa mlango wa kawaida, lazima niwape haki yao. Bibi Mary Cholmondeley, mjane tajiri aliyezaliwa Holford, alilinunua kutoka kwa ukoo wa Holcroft mwanzoni mwa miaka ya 1600 kwa pauni 9,000. Mwanamke huyu angetosha makala yake. Mfalme James wa Kwanza alifikia kwake mwaka 1617 kuwinda paa, akafurahia sana, akamwita bibi jasiri wa Cheshire, na inasemekana aliwaahidi wanawe vyeo akiwaleta London. Mama akakataa. Alijua mahakama ya mfalme inakula watoto wa watu. Alifariki 1625 akimwachia Vale Royal mwanawe Thomas, na kutoka hapo mstari unashuka moja kwa moja hadi Njoro.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka miaka ya 1640 familia ilisimama na mfalme, upande ulioshindwa. Askari wa Bunge walivamia jumba, wakapora, wakachoma upande mmoja. Hapa ndipo inaingia hadithi ambayo mtu wa Naivasha hawezi kuiacha. Cheshire walisimulia kwamba askari waliswaga ng'ombe wote wa Vale Royal, kundi la ng'ombe weupe wenye masikio mekundu, na kwamba ng'ombe jike mmoja aliwatoroka akarudi nyumbani peke yake. Familia ikaishi kwa maziwa yake hadi mambo yalipotengemaa, na kwa shukrani ukoo uliendelea kufuga mbegu hiyo vizazi na vizazi. Siwezi kukuapia juu ya yule ng'ombe. Lakini fikiria mtoto anayekua akisimuliwa kwamba nyumba yao iliokolewa na ng'ombe wa maziwa, halafu uone alichokuja kufanya Elmenteita.

Miaka 170 inayofuata niiruke. Walioa vizuri, waliingia Bungeni, walipanda miti. Mwaka 1821, kwenye kutawazwa kwa mfalme George wa Nne, Thomas Cholmondeley akapewa ubaroni, na baroni mpya anahitaji nyumba ya kibaroni: wakaitwa wasanifu, Edward Blore kwanza, John Douglas baadaye, wakaongeza na kubomoa. Ukitazama picha, sehemu kubwa ya "ukale" unaouona ni kazi ya karne ya 19.

Tatizo ni kwamba nyumba ilikua wakati kipato kimeanza kusinyaa. Bwana wa Kiingereza wa aina hii hakuwa mfanyabiashara. Aliishi kwa kodi za wakulima waliomkodi mashamba. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei nafuu kutoka Marekani ilifurika Uingereza, bei zikaanguka, kodi zikafuata. Baadaye mwaka 1894 serikali ikaleta kodi nzito juu ya mali ya marehemu. Katika hali hiyo, 1887, baroni wa pili akafariki, na kijana wa miaka 17 akarithi Vale Royal pamoja na ekari zisizofika 10,000.

Kijana hakuipenda. Alipenda kuwinda. Mwaka 1891 alifika Somalia kuwinda simba, akarudi tena na tena, na mwaka 1894 simba akamkamata mguu. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemrukia mnyama kwa mikono. Delamere alichechemea maisha yake yote. Mwaka 1897, baada ya safari ndefu na ngamia kutoka Berbera, aliiona Laikipia kwa mara ya kwanza. Alirudi Cheshire, akaoa mwaka 1899, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 akahama moja kwa moja na mkewe, Florence, binti wa jumba jingine kubwa, Florence Court huko Ireland.

Hapa kuna jambo litakalomchekesha mjomba wako. Delamere aliomba ardhi mara tatu. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa sababu mahali penyewe palikuwa mbali mno na watu. La pili lilikuwa Naivasha kwenu, ekari 100,000. Serikali ikakataa ikihofia ugomvi na Wamaasai. La tatu likapita: ekari 100,000 Njoro, miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka na sharti la kutumia pauni 5,000 kuiendeleza katika miaka mitano ya mwanzo. Gawa mwenyewe. Kodi ya ekari moja haifiki hata nusu ya peni kwa mwaka. Bibi Mary alilipa pauni 9,000 kwa jumba na mashamba yake karibu miaka 300 kabla.

Mwaka 1904 Wamaasai walitiwa kwenye mkataba uliowatoa Bonde la Ufa, sehemu yao wakapelekwa Laikipia, na mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia pia. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 mahakama ikasema haina mamlaka ya kuwasikiliza, kwa sababu mikataba ile ilikuwa ya taifa na taifa. Naamini watu wa Darnhall wangeielewa hukumu hiyo bila kuelezwa. Na Delamere si kwamba aliwachukia Wamaasai. Aliwapenda, alijifunza lugha yao, aliwaajiri, na habari zinasema aliwavumilia wakimwibia ng'ombe. Wakati huohuo alikuwa msemaji mkali kuliko wote wa kutaka nyanda za juu ziwe za wazungu peke yao. Yote mawili ni kweli juu ya mtu mmoja, na anayekusimulia upande mmoja tu anakupunja.

Sasa pesa. Kondoo wa gharama walioletwa kwa meli walikufa kwa wingi Njoro. Majani yalionekana mazuri lakini hayakuwa na madini ya kutosha. Ng'ombe wa kizungu wakapukutika kwa magonjwa. Akahamia ngano, ngano ikaliwa na ugonjwa wa kutu, akaanzisha maabara shambani mwake kutafuta mbegu inayostahimili. Mwaka 1908 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Unga, ambayo jina lake bado unaliona kwenye pakiti. Miaka kadhaa baada ya kufika alikuwa amechukua eneo la Soysambu kando ya ziwa Elmenteita, na huko mifugo ikakubali. Lakini kila hasara ya Njoro ilikuwa inalipwa Cheshire. Mashamba ya Vale Royal yaliwekwa rehani, kodi za wakulima wa Whitegate na Over zikawa zinalipa riba za Njoro. Unaona mzunguko? Ngano ya ng'ambo iliyaumiza mashamba ya Cheshire, na mwenye mashamba ya Cheshire akayaweka rehani ili akapande ngano ng'ambo.

Jumba lenyewe likapangishwa. Mwaka 1907 aliingia Robert Dempster, mwenye viwanda kutoka Yorkshire aliyetajirika kwa mitambo ya gesi, pamoja na binti zake. Hiyo ilikuwa sura ya enzi ile Uingereza: kabaila anaondoka, mtu wa kiwanda anaingia na mahodhi ya kuogea. Mmoja wa mabinti, Edith, alikaa Vale Royal hadi baba alipofariki mwaka 1925. Familia ilipokuwa pale, mwaka 1911 na 1912, wachimbaji walifukua misingi ya lile kanisa la watawa, na Edith aliona kwa macho yake jinsi historia inavyotolewa chini ya nyasi. Aliolewa, akawa Edith Pretty, akanunua shamba Sutton Hoo mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1939 alikuwa ndiye mwenye ardhi pale ilipofukuliwa merikebu ya mazishi ya Waanglo-Saksoni, ugunduzi mkubwa kuliko wote wa aina yake nchini humo, na hazina yote akalipatia taifa bure. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba Delamere alipokwenda kuhangaika na kutu ya ngano, binti wa mpangaji wake ndiye aliyepata dhahabu.

Delamere alifariki Novemba 1931, akazikwa Soysambu, akiacha ardhi nyingi na madeni makubwa. Mwanawe Thomas, baroni wa nne, alirudi kuishi Vale Royal miaka ya 1930. Vita Kuu ya Pili ikaja, serikali ikalichukua jumba kulaza askari wagonjwa. Vilipokwisha, nyumba za aina hii zilikuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine kote Uingereza, wenyewe wameshindwa na paa na kodi. Vale Royal iliponea chupuchupu: mwaka 1947 Thomas aliiuzia kampuni ya kemikali ya ICI. Kwa nini kemikali? Kwa sababu chini ya sehemu ile ya Cheshire kuna chumvi, tabaka kwa tabaka, na viwanda vya magadi vya Northwich vilikuwa jirani. Wenye viwanda hivyo, kampuni ya Brunner Mond, ndio walioinunua Magadi yetu mwaka 1924 ilipofilisika, kabla hawajaungana na wengine kuwa ICI mwaka 1926. Kwa hiyo siku ile Delamere mdogo alipotia saini, nyumba ya baba zake iliingia mikononi mwa waliokuwa wakichota magadi kwenye nchi ya Wamaasai. Sikuitunga.

Yeye akarudi Kenya, na tangu hapo ukoo haukuwa tena na jumba Uingereza. Mke wake wa tatu, Diana, aliyemwoa mwaka 1955, alikuwa zamani mke wa Sir Jock Delves Broughton, bwana wa Doddington, jumba jingine la Cheshire hiyohiyo. Broughton ndiye aliyeshtakiwa Nairobi mwaka 1941 kwa mauaji ya Lord Erroll, akaachiwa. Cheshire ni ndogo. Yale ya mahakamani ya ukoo huu miaka ya 2000 mnayajua nyumbani kuliko mimi, na swali lako ni la jumba.

Baada ya ICI, Vale Royal ilipita mikono kadhaa. Kwa muda ilikuwa makao ya watu wenye ulemavu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ni klabu ya gofu. Hilo ndilo jibu la "anakaa nani": wacheza gofu, na sherehe za harusi. Kisheria ni jengo linalolindwa, haliwezi kuvunjwa wala kubadilishwa ovyo.

Dada yako apande treni ya Manchester kwenda Chester, ile inayopita Northwich, ashuke kituo cha Greenbank, achukue teksi. Si mbali. Apige simu klabuni kwanza, kwa kuwa si makumbusho na mlango hauko wazi kwa kila mpita njia. Aulize kama anaruhusiwa kuona Kaburi la Mtawa. Wakimkatalia, aende kijiji cha Whitegate, maana yake "lango jeupe". Kanisa la pale lilianza kama kikanisa cha langoni pa monasteri, sehemu ambayo watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia, na watu wa kawaida bado wanaingia.

Na wewe ukipita Elmenteita, sanamu ya mzee iliyokuwa katikati ya Nairobi, pale ambapo barabara iliitwa Delamere kabla ya kuitwa Kenyatta, ililetwa Soysambu baada ya uhuru. Nenda na mjomba.